Je, ni ruhusa kumwua mtawala mjeuri?

Amri ya tano ya Mungu twaijua wote tangu katekismu. Hata mtoto anayejitayarisha kwa komunyo ya kwanza aisema bila kukosa: Usiue. Lakini mwulize mkristu mkubwa swali hili: Kama mtawala mmoja aangamiza watu elfu kwa elfu, wala hapana mahakama iwezayo kumhukumu, wala hapana baraza liwezalo kumwondoa, nawe u askari wake, nawe wapata kuingia mpaka meza anapofanyia kazi, je, utafanya nini? Hapo atanyamaza kwanza.

Maofisa wengine wa Ujerumani waliulizwa swali hilo katika vita kubwa ya pili, nao walilijibu tarehe 20 Julai 1944. Wako watu wanaowasifu upesi mno. Wako na wengine wanaowalaumu upesi mno. Afazali tuwatazame polepole.

Mwaka ule Adolf Hitler alikuwa ametawala miaka 11. Warusi walikuwa wakikaribia upande wa mashariki, na Waamerika na Waingereza walikuwa wamekwisha kushuka pwani ya Normandie tangu 6 Juni. Hitler mwenyewe alikaa katika kambi iliyofichwa msituni, karibu na mji wa Rastenburg. Mji huo siku hizi ni wa Polonia, nao waitwa Kętrzyn. Kambi iliitwa Wolfsschanze, maana yake Boma la Mbwa-mwitu.

Mtu aliyejitoa kwa kazi ile ni koloneli Claus von Stauffenberg. Alikuwa na miaka 36, mkatoliki wa ukoo mkubwa wa kusini, baba wa watoto 4, na mkewe Nina alikuwa na mimba ya mtoto wa 5. Mwezi wa Aprili 1943, huko Tunisia, ndege za adui zilishambulia gari lake. Akapotewa na jicho la kushoto, mkono wote wa kuume, na vidole 2 vya mkono wa kushoto. Basi alibaki na vidole 3 kwa kila kazi, hata kwa kufunga vifungo vya shati. Lakini mtu huyu kilema ndiye aliyekuwa na ruhusa ya kufika mbele ya Hitler, maana alikuwa mkubwa wa ofisi ya jemadari Fromm, mwenye kuongoza jeshi la akiba. Wengine wenye mikono miwili hawakuweza kukaribia.

Asubuhi ile alipanda ndege kutoka Berlin pamoja na luteni Werner von Haeften. Walikuwa na mafungu 2 ya baruti, kila moja karibu kilo 1. Baraza lilikuwa limewekwa saa 7 mchana, kumbe likaletwa mbele saa 6 na nusu, sababu Mussolini alitazamiwa siku ileile. (Ndiye Mussolini yule ambaye jeshi lake lilijitoa mikononi mwa askari wetu wa Force Publique pale Saïo, nchi ya Abisinia, mwezi wa Julai 1941.) Basi Stauffenberg alijificha chumbani, ati abadilishe shati, akashika koleo kwa vidole vyake 3, akavunja kichupa cha asidi ambayo hula waya kidogokidogo mpaka baruti ishike moto. Alipomaliza fungu la kwanza, askari mmoja alikuja mlangoni kumhimiza. Fungu la pili likabaki kwa Haeften. Wenye ujuzi wasema hivi: kama lingalitiwa tu mkobani kando ya la kwanza, hata bila kutayarishwa, lingalilipuka pamoja, na hapana mtu chumbani mle ambaye angalipona.

Aliweka mkoba chini ya meza karibu na Hitler, akatoka kana kwamba anaitwa kwenye simu. Yasemekana koloneli Brandt, ambaye mkoba ulimsumbua miguuni, aliusogeza upande wa pili wa mguu wa meza, nao ulikuwa ubao mnene wa mwaloni. Saa 6 na dakika 42 bomu lililipuka. Chumbani mlikuwa na watu 24. Wanne walikufa, na huyo Brandt ni mmoja wao. Hitler aliumia masikio na mkono, na suruali yake ilichanikachanika. Hayo tu.

Stauffenberg aliona moshi, akasadiki kwamba amekufa, akarudi Berlin. Huko wenzake walikuwa na shauri liitwalo Walküre: zilikuwa amri zilizotayarishwa kwa kuzima fitina, nao walitaka kuzigeuza ziwe za kushika serkali. Lakini walipoteza saa nzima nzima kwa kusitasita. Jioni majori Remer alitumwa kumfunga Goebbels, waziri wa Hitler. Goebbels alimpa simu tu. Remer akasikia sauti anayoijua, sauti ya mtu aliyeambiwa kwamba amekufa. Usiku shauri lote lilikuwa limevunjika. Fromm, aliyejua habari zamani na kunyamaza, alitaka kuokoa kichwa chake mwenyewe. Akaamuru Stauffenberg, Haeften na maofisa wengine 2 wapigwe risasi uani, mara baada ya saa 6 ya usiku. Hakukiokoa: naye aliuawa mwezi wa Machi 1945.

Kisha kisasi. Karibu watu 200 waliuawa, wengi wao kwa kunyongwa katika gereza la Plötzensee. Watoto wa Stauffenberg walinyang'anywa mama yao, wakapelekwa nyumba ya watoto huko Bad Sachsa na kupewa jina jingine, ili jina la baba yao life. Nina alizaa mtoto wa 5 kifungoni, mwezi wa Januari 1945.

Sasa tuje kwenye swali la zamiri. Kwa maofisa wale kizuio cha kwanza hakikuwa amri ya tano. Kilikuwa kiapo.

Mwezi wa Agosti 1934 askari wote wa Ujerumani waliapishwa upya. Zamani waliapa kwa nchi na sheria zake. Sasa walimtaja Mungu kuwa shahidi, wakaahidi kumtii Adolf Hitler mwenyewe kwa jina lake, pasipo sharti lo lote. Majemadari wengi walijua maovu, wakayachukia moyoni, lakini kila walipoombwa kusaidia walijibu: Nimeapa. Kwetu tunaojua uzito wa neno lililotoka kinywani mbele ya wazee na mbele ya Mungu, jibu hilo si la kuchekwa. Mtu asiyeshika kiapo chake, ni nani atakayempa mke au ng'ombe au siri?

Lakini Evanjili yatupa mfano ulio wazi. Herode aliapa mbele ya wageni wake kwamba atampa binti yule kitu cho chote atakachoomba. Binti akaomba kichwa cha Yohani Mbatizaji. Herode alihuzunika, akatazama kiapo chake, akatazama wageni, akatuma askari. Je, Eklezya imewahi kumsifu Herode kwa uaminifu? Hapana. Mtakatifu Tomaso wa Akwino afundisha kwamba kiapo cha kutenda zambi hakifungi. Aliyekiapa alikosa alipoapa, na akikitimiza akosa mara ya pili. Mungu hawezi kuitwa shahidi ili alazimishe watu kuvunja amri zake. Na kiapo cha kumtii mtu bila sharti lo lote, mtu wa zambi kama sisi, ni kumpa heshima ambayo ni ya Mungu peke yake. Kwa neno hili mimi sina shaka.

Nadhani hata wengi waliosema "Nimeapa" walijua hayo. Kiapo kilikuwa kichaka kizuri cha kujifichia. Franz Jägerstätter, mkulima wa Austria aliyekuwa sakristani katika parokia ya kijiji chake, hakusoma teolojia. Aliona tu kwamba hawezi kumpigania Hitler na kubaki mkristu, akakataa, ingawa hata askofu wake alimshauri aende na kufikiri jamaa yake. Walimkata kichwa tarehe 9 Agosti 1943. Mwaka 2007 Eklezya ilimtangaza Mwenye Heri. Sakristani aliona jambo ambalo majemadari hawakuliona, au hawakutaka kuliona.

Lakini kukataa kumtii ni jambo moja, na kumwua ni jambo jingine. Jägerstätter hakumgusa mtu. Alitoa kichwa chake mwenyewe. Stauffenberg alitia bomu chini ya meza.

Walimu wa Eklezya wamelifikiri neno hili tangu zamani. Mtakatifu Tomaso, alipokuwa bado kijana, aliandika kwa namna ya kukubali kwamba mtu aliyewakomboa watu wake kwa kumwua mnyang'anyi wa utawala alipata sifa. Baadaye, katika kitabu alichomwandikia mfalme wa Cyprus, alionya kwa nguvu: ni hatari kubwa kama kila mtu ajipa ruhusa ya kumwua mkubwa kwa mawazo yake mwenyewe, maana wabaya huchukia wafalme wema kuliko wajeuri. Kumwondoa mjeuri ni kazi ya mamlaka ya watu wote, si ya mtu wa faragha. Tena mahali pengine asema kwamba kuangusha utawala wa kijeuri si fitina, sababu mwenye fitina ni yule mjeuri mwenyewe. Lakini aongeza sharti hili, kwamba watu wasije wakaumia zaidi kwa machafuko kuliko walivyoumia chini ya mjeuri.

Mwaka 1415 Mtaguso wa Konstanza ulihukumu kuwa uzushi neno la kwamba raia ye yote aweza na hata apaswa kumwua mjeuri ye yote, kwa hila, bila kungojea hukumu ya mtu, na kiapo cho chote kisimzuie. Wako wanaosema: basi shauri limekwisha, Stauffenberg alihukumiwa miaka 500 kabla ya kuzaliwa. Mimi naona tusisome upesi hivyo. Mtaguso ulikuwa ukitazama mauaji ya mwaka 1407, mtawala wa Burgundia alipomtuma mtu amwue ndugu wa mfalme wa Ufaransa njiani, na mwalimu mmoja wa Paris akatoa maneno mengi ya kumtetea. Neno lililohukumiwa ni lile la "raia ye yote" na "mjeuri ye yote". Na lilistahili kuhukumiwa. Likikubaliwa, kila mwenye kinyongo atamwita chifu wake mjeuri, na bunduki itakuwa hakimu. Sisi wa nchi hii tumeona viongozi wakiuawa, na kila muuaji alikuwa na sababu yake tayari mdomoni.

Basi je, maofisa wale walikuwa watu wa faragha? Hapa ndipo penye kiini. Mwezi wa Machi 1933 bunge la Ujerumani lilimpa Hitler uwezo wa kutunga sheria peke yake. Hata chama cha wakatoliki, Zentrum, kilipiga kura ya kukubali. Aibu hiyo ni yetu. Baada ya hapo hapakubaki mahakama wala baraza la kumwambia neno. Wale waliofanya shauri hawakutaka kuua na kukimbia. Walikuwa na jemadari Beck, aliyeacha cheo chake mwaka 1938 kwa kupinga vita. Ndiye angalikuwa mkubwa wa nchi. Carl Goerdeler, aliyekuwa zamani meya wa Leipzig, angalikuwa mkubwa wa serkali. Walikusudia kurudisha mahakama za haki na kumaliza vita. Nchi ambayo viongozi wake wote wa halali wamenyamazishwa, mamlaka yake iko kwa nani? Mimi nasadiki yaweza kuwarudia watu wa namna hiyo, wenye kazi na wajibu katika nchi, walioshauriana muda mrefu na kukosa njia nyingine. Katekismu ya Eklezya ya mwaka 1992 yatoa masharti ya kushika silaha juu ya watawala: haki za watu ziwe zimevunjwa kabisa na kwa muda mrefu, njia nyingine ziwe zimekwisha, machafuko makubwa zaidi yasiletwe, matumaini ya kufaulu yawe ya kweli, na isionekane njia bora. Tazama hali ya Julai 1944. Kati ya 15 Mei na 9 Julai mwaka ule, Wayahudi zaidi ya 430,000 walitolewa nchi ya Hungaria, na walio wengi wakapelekwa Auschwitz. Sharti la kwanza halina shaka. Lenye shaka ni lile la matumaini ya kufaulu.

Juu ya hilo, jemadari Henning von Tresckow aliwaambia wenzake kwamba inapasa kujaribu, hata kama hawatafaulu, ili dunia ijue kwamba walikuwako Wadachi waliokataa. Yeye mwenyewe alikuwa ametia bomu katika ndege ya Hitler mwezi wa Machi 1943, nalo halikulipuka. Maneno yake ni makuu, lakini nayaogopa kidogo. Kuua mtu ili kuonyesha ushuhuda si sawa na kufa ili kuonyesha ushuhuda. Martiri hutoa damu yake, hatoi ya mwingine.

Nalo hili ndilo linalonisumbua kuliko kiapo na kuliko Mtaguso. Katika wale 4 waliokufa, 3 walikuwa maofisa. Wa nne aliitwa Heinrich Berger. Hakuwa askari. Kazi yake ilikuwa kuandika maneno yanayosemwa barazani, upesi upesi, kwa alama fupi. Alikatwa miguu na bomu, akafa siku ileile. Seminarini tulifundishwa juu ya tendo lenye matokeo mawili, jema linalokusudiwa na baya linalovumiliwa tu, na kwamba ubaya usipite wema. Kwa mizani hiyo waweza kusema: mtu 1 kwa ajili ya mamilioni. Karibu nusu ya askari wote Wadachi waliokufa katika vita ile walikufa baada ya Julai 1944, bila kuhesabu Wayahudi, Warusi, Wapolonia na raia wa miji iliyoteketezwa. Mizani ni wazi. Lakini kumbuka kwamba Kaifa naye alitumia hesabu ya mtu mmoja kwa ajili ya taifa zima. Hesabu yaweza kuwa ya kweli, na mtu anayeitumia apaswa kutetemeka.

Afisa mmoja kijana, Axel von dem Bussche, alipata njia iliyo safi zaidi. Mwaka 1942, huko Dubno, aliona kwa macho yake maelfu ya Wayahudi wakiuawa mashimoni. Akakubali kuvaa mavazi mapya ya jeshi mbele ya Hitler, na bomu mfukoni, amkumbatie wafe pamoja. Mavazi yale yaliungua katika mashambulizi ya ndege, na siku haikufika. Stauffenberg hakuweza kufanya vile, wala kupiga bastola kwa vidole 3. Tena alihitajiwa Berlin. Bila yeye wenzake wasingaliondoka vitini, nasi tumeona walivyokaa. Hivyo alilazimika kutoka chumbani, akamwacha Berger na kalamu yake.

Wako na wakristu waliosema hapana. Helmuth von Moltke, Mprotestanti, aliwakusanya rafiki zake katika shamba lake la Kreisau kufikiri namna ya kujenga nchi baada ya Hitler, na pamoja nao walikuwako mapadri Wajezwiti, kama Alfred Delp. Moltke hakupenda shauri la kuua. Aliona kwamba nchi mpya isianze kwa mauaji, na kwamba Wadachi wapaswa kushindwa hadharani, wasije wakasema tena kwamba walisalitiwa. Sababu hizo ni za mtu mwenye akili. Lakini kila mwezi wa kungojea ulikuwa na treni zake za kwenda Auschwitz. Yeye na Padri Delp waliuawa Plötzensee, Moltke tarehe 23 Januari 1945, Delp tarehe 2 Februari, ingawa mahakama haikuweza kumpata Delp na kosa la bomu. Mjeuri hakuwatenga wale walioua na wale waliokataa kuua.

Msomaji mmoja aweza kuniuliza: Je, si Mungu aliyemkinga Hitler? Mwenyewe alisema hivyo kwa redio usiku uleule, kwamba amelindwa ili aendelee na kazi yake. Na mwaka 1939, huko München, seremala Georg Elser alimtegea bomu, naye akatoka dakika 13 mbele. Wakafa watu wengine 8. Ndugu, tujihazari na teolojia ya namna hiyo. Herode mkubwa alikufa kitandani baada ya kuua watoto wa Betlehemu. Mungu huruhusu mengi asiyoyapenda. Mguu wa meza ni mguu wa meza.

Nimeacha kwa mwisho habari ya padri mmoja, sababu yatugusa sisi wakatoliki karibu zaidi. Mwezi wa Desemba 1943 majori Ludwig von Leonrod, mkatoliki, rafiki wa Stauffenberg, aliambiwa shauri lile. Zamiri yake ilimsumbua. Akamwendea Padri Hermann Wehrle, msaidizi katika parokia moja ya München, akamwuliza: Je, ni zambi kujua kwamba mjeuri atauawa, na kunyamaza? Padri alijibu kwamba kujua tu si zambi, lakini alimshauri asijiingize katika tendo lenyewe. Hakumwambia ua. Hakumwambia pia kwamba apaswa kwenda kushitaki. Alimwacha na zamiri yake mbele ya Mungu, nami sijui padri gani angaliweza kujibu vema zaidi katika saa ile.

Baada ya Julai, Leonrod alishitakiwa, na mbele ya mahakama alijitetea kwa kutaja kwamba aliuliza padri. Akauawa mwezi wa Agosti. Padri Wehrle naye akakamatwa kwa kosa la kujua na kutosema. Walimhukumu tarehe 14 Septemba 1944, na kabla jua halijaingia siku ile walikuwa wamekwisha kumnyonga.